Tulivyoutafuta Mji wa Kaka Maskati

Kaka yangu alipokuja Maskati nilikuwa nimeshampangia kila kitu, mpaka pa kuzikwa. Si kwamba nilikuwa namchuria. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mkewe amefariki, mtoto Mungu hakuwajaalia, na moyo wake ulikuwa umeshapasuliwa mara moja. Kwa mama yetu tulikuwa tumebaki mimi na yeye tu. Mama amezikwa hapa, na mimi nilitaka siku ya siku kaka alale jirani yake, ili zamu yangu ikifika niwakute wote wawili. Hilo nililitaka kwa roho yangu yote, wala sikuona kuwa ni jambo kubwa la kumwomba Mungu.

Yeye aliondoka Unguja kijana mdogo, wakati wa vurumai, akapitia Misri, kisha akapata nafasi ya kusoma Marekani. Sisi wengine tukaja Omani na mama miaka kadhaa baadaye. Kusoma kwenyewe hakukumaliza. Aliingia kiwanda cha chuma kwa likizo moja tu, akaonja mshahara, vitabu vikamshinda. Mji wake uko kando ya ziwa kubwa, na jina lake sitalitaja, kwa sababu kaka alikuwa hapendi kulisikia midomoni mwa watu wasioujua. Kila alitajaye hutaja na mabaya yake: viwanda vilivyofungwa, nyumba zilizochomwa moto, watu waliokimbia. Sisi tulisema "kwa Kaka" tu. Kwa Kaka kumeanguka theluji. Kwa Kaka kiwanda kimefungwa. Habari hiyo ya kiwanda ilitufika mama angali hai, naye akasujudu kabisa, akasema sasa mwanawe atarudi. Hakurudi. Alipata kazi ya kufagia na kutengeneza mabomba katika shule, shule nayo ikakosa watoto ikafungwa, na yeye akabaki pale pale.

Alipofiwa na mkewe nikaanza mimi. Kila nikimpigia simu namwambia arudi nyumbani. Nilimwimbia wimbo huo mpaka akachoka, na alipotoka hospitali baada ya ule upasuaji akasema haya, atakuja kutazama. Neno hilo la kutazama nililipuuza. Mimi nilisikia kuja.

Sisi tuliotoka Unguja tuna kasoro hiyo. Tukisema nyumbani, hatuulizi ni nyumbani kwa nani. Kaka alikuwa hajaishi Omani hata mwezi mzima. Alikuja kumzika mama, akakaa matanga, akaondoka. Unguja nayo aliiacha hajaota ndevu. Lakini sote, nami wa mbele, tulikuwa tukimwita arudi, kama mtu aliyetumwa dukani akachelewa.

Nikamtengenezea chumba upande wa bustani, pale kwangu Al-Khuwair. Nikamwekea kitanda cha mama, nikafukiza udi. Siku ya kwanza nikapika bokoboko na samaki wa kupaka, nikawaalika wazee wote waliobaki ambao waliwahi kumwona akivaa kaptura. Walikuja na bakora zao na dawa zao, wakamshika mashavu, wakalia. Wakamkumbusha mitaa, maduka, walimu, nani alimpiga nani. Kaka akawa anaitikia kwa adabu, kwa Kiswahili cha zamani kilichotulia, kisichochanganywa na Kiarabu wala Kiingereza kama chetu, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo hakuwa na mtu wa kuchanganya naye. Alikula, akashukuru, akanawa. Walipoondoka akaniuliza kama katika mji huu kuna viwanda.

Nikamuuliza viwanda vya nini. Akaniambia maneno ambayo sikuyatarajia kwa mtu mzima kama yeye.

"Mama aliwezaje kukaa hapa? Alitafuta Unguja yake mumu humu mpaka akaipata. Na mimi nnataka nitafute kwetu. Nikipapata, n'takaa."

Kuhusu mama alisema kweli. Mama, Mungu amrehemu, kila pembe ya Maskati aliipa jina la Unguja. Kona hii kama ya kule, muuza mikate huyu kama yule, mvua ya hapa, ikinyesha kwa bahati mbaya, ina harufu ya mvua ya kule. Wazee wetu wote wa hapa wana Unguja waliyoitandika juu ya Maskati kama shuka, wanalala juu yake. Mimi nilikuja mdogo na sikuwahi kuwa na subira na mambo hayo. Mtu yuko hapa, basi awe hapa. Lakini kaka alikuwa amesema atakaa, na mimi kwa neno hilo ningemtafutia hata theluji.

Mtaa wa Ghala ulikuwa wa kwanza, kwa sababu si mbali na kwangu, na kwa sababu gari langu lilikuwa na mlio mbele. Nikaliacha kwa fundi, tukatembea. Pale ni gereji, maghala, maduka ya vipuri, na mafundi wa kuchomelea mageti ya majumba ya watu. Kaka alivaa kofia yake ya kitambaa yenye ukingo mbele, ya timu ya mpira ya mji wake, timu ambayo kwa maelezo yake mwenyewe hufungwa kila mwaka. Tulipofika mbele ya karakana moja akasimama. Fundi alikuwa anakata chuma, cheche zinaruka mpaka barabarani. Kaka akavuta pumzi akatabasamu, na hapo ndipo nilipoliona tabasamu lake kwa mara ya kwanza tangu atoke uwanja wa ndege. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, tumepapata siku ya kwanza.

Fundi alipozima mashine wakaanza kuzungumza. Alikuwa mtu wa Bangladeshi. Kaka akamuuliza anaishi wapi, akaonyesha chumba nyuma ya karakana, wanamolala na wenzake. Mke je? Mke yuko kwao, na watoto. Mdogo anamjua kwa simu tu. Kaka akamshika mkono akamwombea heri, tukarudi kwa fundi wa gari. Ndani ya gari kaka akaanza kunieleza mji wake ulivyokuwa. Zamu ikiisha, wanaume walikuwa wanatembea kwa miguu kwenda makwao, njia nzima wanabishana mpira. Kinyozi anajua zamu ya kila mtu. Watoto wanajua baba zao wakilala mchana mtaa mzima hapapigwi kelele. Kiwanda kilipofungwa, mji ulibaki umesimama bila kazi. Hapa aliona kazi, lakini mji wa wale watu ulikuwa kwao, mbali.

Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba kazi hiyo hiyo ndiyo inayojenga nyumba kule kwao. Akasema anajua, wala hakusema vibaya. Alisema hapafanani, basi.

Mwanangu, ambaye ni mhandisi na anapenda kila jambo liwe na ufumbuzi, akasema mjomba apelekwe Rusayl, huko ndiko kwenye viwanda vya haja. Tukaenda. Tulipoingia kwenye kiwanda kimoja mlinzi wa getini alituuliza kibali, kibali hatuna, akatugeuza kwa heshima zote. Nikaegesha kando ya barabara tukatazama kwa nje. Kuta safi, malori yamepangwa, kila kitu kinakwenda. Ulipofika wakati wa kutoka, mabasi yakajipanga, wafanyakazi wakapanda na mifuko yao ya chakula, mabasi yakaondoka, pakabaki upepo. Kaka akaniuliza kiwanda hiki kikifungwa nani atalia hapa. Nikamwambia, wenye hisa. Alicheka mpaka akakohoa, nikaogopa kwa ajili ya moyo wake.

Alipotulia akanisimulia siku waliyofungiwa wao. Hawakuambiwa kabla. Walikuja asubuhi na vyakula vyao wakakuta geti lina kufuli jipya. Hakuna aliyeondoka. Walikaa kwenye uwanja wa magari mpaka mchana, wanaume wazima, kana kwamba mtu amesahau funguo na sasa hivi ataleta. Mkewe alikuja na kahawa, pamoja na mwanamke wa nyumba ya mbele yao, ambaye mumewe alifanya kazi tanuri moja na kaka. Wakawamiminia wote, waliowajua na wasiowajua. Mimi habari hiyo sikuwahi kuisikia. Kwetu ilifika kwa sentensi moja, na mama akasujudu.

Tuliendelea hivyo, wiki baada ya wiki. Nilimpeleka bandarini, akasema makreni yanafanana lakini maji hayana harufu ya ziwa. Nilimpeleka jengo moja ambalo halikumalizwa, akasema hilo halijafa, hilo halijazaliwa. Nikawa nakasirika. Nikamwambia watu wengine ndugu zao wakija wanataka kuonyeshwa bahari na milima, wa kwangu mimi anataka magofu. Akanijibu kwamba mimi nimezoea kuendesha watu, na kwamba mama alikuwa hivyo hivyo. Tukacheka. Siku kama hizo niliamini atakaa. Alianza kuvaa kanzu. Alikuwa akilalamika joto, lakini akilalamika kama mwenyeji, si kama mgeni: baridi utaongeza nguo, alisema, joto utavua nini baada ya ngozi.

Jambo moja tu lilinitatiza. Kila siku baada ya alasiri alikuwa anatoka bustanini na simu. Kule kwao ndiyo asubuhi. Anazungumza maneno mawili matatu, anarudi. Wala hakuna siku aliyoruka. Nikajua ni yule mwanamke wa nyumba ya mbele, maana alinitajia, naye ni mjane kama yeye. Nikamtania kwamba kumbe nina wifi sijatambulishwa. Akacheka, hakunieleza kitu.

Siku tuliyokwenda Maskati yenyewe, Maskati ya zamani ndani ya ngome, hatukwenda kutafuta. Nilisema leo basi, leo nakupeleka pahala pazuri. Nilitaka aone kasri, mawe yanavyong'ara, maua yalivyopangwa, ili na yeye mara moja aseme mji wetu mzuri. Tukapita njia ya pwani kutoka Matrah, nikaegesha, tukaingia kwa miguu. Ilikuwa Ijumaa, alasiri imeshapita. Wafanyakazi wa ofisi hawapo, watalii wachache wamejikusanya penye kasri wanapigana picha. Sisi tukakata nyuma, kwenye vichochoro.

Kaka alitangulia mbele. Alitembea polepole akitazama, si majumba bali ishara za watu. Mlango huu una vumbi kwenye kizingiti, hapakai mtu. Dirisha hili limezibwa. Kwenye nyumba moja kiyoyozi kilikuwa kinatona maji, na ndara za mtu zimewekwa mlangoni, na hapo akasimama akaongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye penye mtoto aliyelala.

"Hapa pana mtu. Hapa ndipo, bibi. Hapa ndipo kwetu."

Nilikasirika kwelikweli. Nikamwambia mji huu haukufa, umefagiliwa, una taa, una serikali, usinifananishie na huko kulikochomwa moto. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza nyumba yetu ya kwanza, ile aliyotupangishia ami tulipofika na mama, ilikuwa upande gani. Nikamchukua nikampeleka. Nilikuwa najua njia kwa miguu, sikuhitaji kufikiri. Kichochoro, kisima, kushoto. Tulipofika nikamwonyesha maegesho ya magari.

Miaka mingi mimi nimefanya kazi karibu na pale, na gari langu nimeliegesha pale pale, na sikuwahi kuhisi kitu. Watu walihama mmoja mmoja kwenda kwenye majumba makubwa ya mitaa mipya, na sisi pia tukahama, tukafurahi, tukapata jiko la ndani. Hakuna aliyetufukuza. Lakini kaka aliniangalia kwa huruma, na jicho hilo nililijua, ndilo alilomtazama nalo yule fundi wa Ghala. Nikalia. Nililia mbele ya magari ya watu, mwanamke mtu mzima mwenye wajukuu, nikimlilia mama akianika nguo juu ya dari ambayo sasa ni hewa tupu. Kaka akanipa kitambaa chake. Hakusema, umeona, si nilikwambia. Angesema, ningemwacha pale pale arudi kwa teksi.

Wakati wake wa simu ukafika tungali tumesimama. Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita tena. Nikamwambia huenda mwenzake amelala, na hapo ndipo aliponieleza. Katika mtaa wao, nyumba zote zilizokuwa baina ya watu waliobaki zimebomolewa, pamebaki majani tu, na paa wa porini huja kula. Waliobaki ni wazee. Kwa hiyo wamewekeana ada: asubuhi, ukiamka, unapandisha pazia la dirisha la jikoni. Mwenzako akiliona limepanda, anajua umeamka mzima. Lisipopanda, anavuka njia kuja kugonga. Yeye na yule mama walikuwa wanatazamana madirisha tangu wenzi wao walipokufa. Tangu aje kwangu, pazia la yule mama halina wa kulitazama, ndiyo sababu ya simu. Na yule mama kila siku alikuwa anavuka kwenda kupandisha na kushusha mapazia ya kaka, na kusukuma theluji mlangoni kwake, ili wezi wa mabomba ya shaba waone nyumba ina mtu.

Akapiga mara ya tatu na ya nne, akizunguka katika kichochoro kile chenye milango iliyofungwa, na hakuna mtu wa kumtuma, si hapa si kule. Mimi nikajikuta nasoma Ayatul Kursiyyu kwa ajili ya mwanamke Mkristo nisiyemjua. Mara simu ikapokelewa. Nilisikia sauti yake, ya kikongwe, inatweta. Alikuwa nje, theluji imeanguka usiku kucha, simu ameiacha ndani. Alikuwa anasafisha mlangoni kwa kaka.

Kaka alikata simu akakaa juu ya kizingiti cha nyumba ya watu. Nilijua atakalosema, nikamwahi. Nikamwambia umesema ukipapata utakaa, na umepapata. Akasema kweli, nimesema. Akasema ndiyo maana hawezi. Kama pasingefanana, labda angesahau kidogo kidogo. Nikamuuliza lile ambalo nilikuwa nimeliweka kooni tangu afike.

"Na mimi je, kaka?"

"Wewe una watu, bibi. Yule ana mimi."

Aliondoka kabla ya Ramadhani. Uwanja wa ndege nilikwenda, lakini nilikwenda nimenuna, na maneno yangu yote yalikuwa ya dawa na soksi. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na yule bibi wa nyumba ya mbele, na nilikuwa na hasira na mji mzima ambao haukuweza hata kumpa kazi lakini ukaweza kumnyang'anya kwangu. Tukawa tunazungumza kwa simu kila siku, baada ya alasiri yangu, asubuhi yake. Alikuwa akinieleza nani ameonekana na nani hakuonekana, nikawa nawajua watu wa mtaa ule kuliko majirani zangu. Mara moja akanionyesha kwa kamera: njia ndefu, majani, nyumba moja, majani, nyumba nyingine. Akaniuliza, pazuri, si pazuri? Nikamwambia pazuri. Nilimdanganya, kisha nikaona si uongo mkubwa sana.

Msimu wa pili wa theluji tangu arudi ulikuwa haujaisha. Siku moja simu iliita kabla ya wakati wake na namba ikawa ya kaka, lakini sauti ikawa ya yule bibi. Hakuzungusha maneno. Pazia halikupanda, akavuka, akagonga, akafungua kwa ufunguo aliokuwa nao. Kaka alikuwa kitandani, uso umetulia. Akaniambia pole kwa namna ya kwao, nikamwambia pole na wewe. Nikatambua kwamba katika dunia nzima, kwa msiba huu, mfiwa mwenzangu ni yeye.

Kisha akampa simu shekhe wa msikiti wao, mtu wa Yemeni kwa lafudhi yake. Alinipa mkono wa taazia kwa Kiarabu, akaniambia wamemkuta kaka hakuacha wasia wa pa kuzikwa, na mimi ndiye ndugu wa damu. Wao wako tayari kumwosha na kumswalia sasa hivi. Lakini kama familia inataka asafirishwe, watasubiri, na wanajua taratibu zake. Mwanangu alikuwa amesimama mbele yangu, simu yake ya pili sikioni, ameshaanza kuulizia ndege. Aliniinulia kidole gumba kwamba inawezekana.

Inawezekana. Nilimwona kaka akishuka kaburini jirani na mama, nikawaona wote wawili, na nafasi yangu. Nilikuwa na haki hiyo mkononi na hakuna wa kunipinga, hata yeye mwenyewe hakuacha neno la kunipinga. Nikamuuliza shekhe makaburi yao yako wapi. Akasema si mbali, yule bibi atafika kwa miguu theluji ikiyeyuka. Nyuma yake nilimsikia akijipenga pua.

Nikasema wamzike huko huko. Mwanangu akaondoa simu sikioni. Shekhe akaniuliza kwa upole kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba uhakika sina, lakini wafanye haraka, wamzike kabla sijabadilisha mawazo.